Dhoruba za theluji: jiko la mkaa lisiingie ndani

Familia nyingi za Kiislamu hapa kwetu zina kijana, binti au shemeji anayeishi Marekani au Kanada. Wengi wao wamekulia kwenye joto, na baridi waliyoizoea ni ile ya kujifunika shuka moja. Kwa hiyo leo tunazungumza nao, na nyinyi mnaowapigia simu, kuhusu dhoruba za theluji, na hasa kuhusu jambo moja linaloua watu ndani ya nyumba zao wenyewe.

Chukua mfano wa Texas, Februari 2021. Jimbo lile ni la joto, watu wake hawakuizoea theluji kama ambavyo sisi hatukuizoea. Katikati ya mwezi huo baridi ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri mjini Dallas. Umeme ulikatika kwa nyumba zaidi ya milioni 4, mabomba ya maji yakaganda na kupasuka. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246. Wengi waliuawa na baridi yenyewe, lakini wapo waliouawa na njia walizotumia kuikimbia. Waliingiza majiko ya mkaa ndani, waliwasha jenereta gereji, au walikaa kwenye gari lililowashwa ndani ya gereji iliyofungwa. Katika eneo la Houston peke yake mamia walitibiwa kwa sumu hiyo.

Sumu yenyewe ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Hutoka pale mkaa, kuni, petroli, mafuta ya taa au gesi ya kupikia inapoungua bila hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu. Wengi wetu tunaamini kuwa mkaa ukishakolea na moshi ukaisha, basi hatari imekwisha. Si kweli! Mkaa mwekundu usio na moshi hutoa gesi hiyo kwa wingi. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, mtu akawa anapumua huku mwili wake unakosa hewa. Na kufungua dirisha kidogo hakutoshi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na kuchanganyikiwa. Watu hudhani ni mafua. Tofauti ni kwamba hakuna homa, na mara nyingi huwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja. Mkiona hivyo tokeni nje hapo hapo, hata kama theluji inaanguka, kisha pigeni 911. Aliyelala usingizini anaweza kufariki bila kuhisi dalili yoyote.

Akina mama, chetezo nacho kimo humo. Mkaa wa udi ni mdogo, lakini nyumba za kule hufungwa kila upenyo wakati wa baridi. Usikifukize chumbani mwa mtoto ukamwacha amelala. Mtume (s.a.w.) alitukataza kuacha moto ukiwaka ndani tunapolala, na hapa tunaiona hekima yake kwa macho.

Basi wafanye nini umeme ukikatika? Wote wakusanyike chumba kimoja, ikiwezekana chenye madirisha machache, na wazibe chini ya mlango kwa taulo. Wavae nguo nyepesi kadhaa kwa kupandisha badala ya moja nzito, za sufi zikipatikana, na kofia. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka mlangoni na madirishani. Kengele ya kutambua gesi hii inauzwa madukani. Inunuliwe ya betri kabla ya msimu.

Mwangalieni mzee na mtoto mchanga. Mzee akitetemeka sana, akaanza kuongea kwa kuburuta ulimi au kusinzia ovyo, mwili wake umepoa kupita kiasi. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kuanzia kifuani na tumboni, mpeni kinywaji cha moto kama yu macho, na itwe ambulensi. Vidole vilivyokufa ganzi visisuguliwe wala visiotwe motoni, kwani haviwezi kuhisi vinapoungua.

Kuhusu maji, bomba liachwe likidondoka kidogo kidogo usiku ili lisigande, na zihifadhiwe lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za siku tatu angalau. Wapo wanaotawadha kwa maji ya barafu wakidhani ndio uchamungu zaidi. Amr bin al-Aas (r.a.) alipatwa na janaba usiku wa baridi kali safarini. Alichelea kufa akioga, akatayamamu na kuswalisha wenzake, na Mtume (s.a.w.) alipopata habari hakumlaumu. Maji yakiweza kupashwa moto, yapashwe. Vile vile usiku wa baridi na mvua Mtume (s.a.w.) aliamrisha muadhini atangaze watu waswali majumbani kwao, kwa hiyo hakuna sababu ya mzee kuteleza kwenye barafu akiifuata jamaa.

Barabarani ni hatari zaidi. Katika dhoruba ya Desemba 2022 mjini Buffalo, baadhi ya waliofariki walikutwa ndani ya magari. Aliyekwama abaki garini, awashe injini kama dakika 10 kila saa, na kila mara kabla ya kuwasha aondoe theluji kwenye bomba la moshi, la sivyo gesi ile ile itarudi ndani.

Ukimpigia ndugu yako simu ukasikia umeme umekatika, usiishie kuuliza kama wana mablanketi. Muulize wanapikia nini, na jiko liko wapi.