Gia Ikilegea, Usikimbilie Gia Boksi

Mkono wa gia wa gari la zamani ukianza kuzunguka kama mwiko ndani ya uji, hukumu hutolewa upesi: gia boksi imekwisha, itafutwe nyingine. Mara nyingi hukumu hiyo hutangulia ushahidi. Meno yaliyo ndani huoga oili muda wote, lakini bushi, pini na rodi zilizo nje hupigwa na vumbi na matope kila siku, na aghalabu ndizo huchakaa kwanza. Ndiyo maana mkono uliolegea unastahili kukarabatiwa kiungo kwa kiungo, kutoka nje kuingia ndani, na ubadilishaji wa gia boksi ubaki hatua ya mwisho.

Marekani, mjadala huu huhusu magari ya nguvu yaliyovuma baada ya Pontiac kutoa GTO mwaka wa 1964. Kenya, katika miji ya Nyeri, Karatina na Nanyuki, gari la zamani lenye heshima ya namna hiyo ni Peugeot 504, lililozinduliwa mwaka wa 1968, likaunganishwa Mombasa, na likashinda Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978. Lakini 504 ya kawaida ina silinda 4 tu, na mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo gari lililoondoka Mombasa hufika Nyeri likiwa limepungukiwa na zaidi ya asilimia 15. Upungufu huo dereva huufidia kwa gia: vilima vya Othaya na Tetu humlazimisha arudi ya pili, apande ya tatu, arudi tena ya pili, na kila badiliko husugua viungo vilevile.

Hesabu ya ulegevu ni rahisi. Tuseme mkono una sentimita 30 juu ya egemeo lake na sentimita 5 chini yake. Milimita 1 ya ulegevu kule chini huwa milimita 6 kwenye kirungu. Viungo vinne vikilegea nusu milimita kila kimoja, jumla ni milimita 2 chini, yaani milimita 12 mkononi mwa dereva. Fundi akitikisa kiungo kimoja kimoja ataona vyote ni vizima, ilhali kwa pamoja vinamnyima dereva gia. Magari yenye gia ya usukani huumia zaidi, kwa kuwa mwendo wa mkono hupitia viungo vingi kabla ya kufika kwenye gia boksi.

Ushahidi hupatikana bila kufungua nati hata moja. Gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa na magurudumu yamezuiwa, mtu mmoja asogeze mkono wa gia polepole huku mwingine akitazama gia boksi kutoka chini. Mkono ukitembea kabla wenzo wa gia boksi haujatikisika, ulegevu uko nje. Gia zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, kisha zikakataa injini ikiwaka, mshukiwa ni klachi isiyoachia. Gia moja tu ikikwaruza, hasa ya pili, nyingine zikiingia laini, hapo sinkromeshi ya ndani ishukiwe. Hata ugumu wa asubuhi za baridi za Julai unaweza usitokane na uchakavu wa ndani: gia boksi ya 504 ilibuniwa kutumia oili ya injini, na anayeijaza oili nzito ya difu hujitafutia ugumu huo mwenyewe.

Katika ukarabati, pini hupimwa kabla ya bushi kuagizwa, maana pini iliyoliwa upande mmoja itaila bushi mpya kwa muda mfupi. Wapo wanaosema bushi ya jua kali haiwezi kulingana na ya kiwandani. Pingamizi hilo lina uzito kwa vipande vya ndani vilivyotiwa moto kiwandani ili chuma kiwe kigumu. Lakini bushi ni bomba fupi lenye vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na urefu. Fundi wa lethi anayepima kwa kalipa badala ya kukisia kwa jicho anaweza kuichonga vizuri kwa nailoni ngumu au shaba nyeusi. Kisha rodi hurekebishwa gia ikiwa fri. Mikono ya Hurst, iliyosifika katika magari ya Marekani, ina tundu la kupitishia pini ili nyenzo zote zisimame fri pamoja wakati wa kurekebisha. Kanuni hiyo inafaa gari lolote la rodi: fri ya mkono na fri ya gia boksi zikutane.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama: kwa nini mtu ahangaike na gia boksi ya Kifaransa, na spea za pikapu za Kijapani zimejaa madukani? Kwa sababu bei ya gia boksi ni sehemu tu ya gharama. Propela shafti ya 504 huzunguka ndani ya bomba la chuma linaloshikanisha gia boksi na difu, na katika pikapu na stesheni wagoni bomba hilo husaidia kuishika ekseli ya nyuma mahali pake. Anayeweka gia boksi ngeni hulazimika kubuni upya propela shafti na namna ya kuishikilia ekseli. Wengine hupendekeza mkono mfupi, lakini mwendo wa kirungu ukipunguzwa kwa robo, nguvu ya kusukuma huongezeka kwa theluthi, na bushi zilizokwisha hubaki zimekwisha.

Ni kweli kwamba gia boksi hufa. Gia inayochomoka gari likiteremka kutoka Karatina kuelekea Sagana humwachia dereva breki peke yake. Ikiendelea kuchomoka baada ya rodi kurekebishwa na raba za kushikilia injini kukaguliwa, gia boksi ifunguliwe bila kuchelewa. Hata hivyo, gia boksi nzima ikifungiwa rodi zilezile zilizolegea, gia hazitaingia kikamilifu na meno yake yataanza kuliwa kwenye ncha. Fedha iliyotumika kwenye bushi haipotei kwa vyovyote: isipoliponya gari, itailinda gia boksi itakayofuata.