Je, Wajua? Mizinga ya Mbao ya Kasanga na Vifaru vya Mezani

Je, wajua kwamba mizinga ya mbao iliwahi kulizuia kundi la boti za kivita za Uingereza katika ufukwe wa Ufipa, Ziwa Tanganyika? Ilikuwa Juni 1916, Kasanga, mahali ambapo Wajerumani walijenga boma na kupaita Bismarckburg. Leo Kasanga ni bandari ya wilaya ya Kalambo. Kamanda Geoffrey Spicer-Simson alifika na boti zake mbele ya boma, akaona midomo ya mizinga imeelekezwa ziwani, akaamua kutoshambulia na kurudi Kituta. Wajerumani na askari wao wakapata nafasi ya kupanda mashua usiku na kutoroka. Boma lilipotekwa na kikosi cha nchi kavu cha Luteni Kanali Murray, ikajulikana kwamba mizinga iliyowatisha wanamaji ilikuwa ya bandia, imetengenezwa kwa mbao.

Duniani wapo watu wazima, maelfu kwa maelfu, ambao starehe yao ni kuunda sanamu za silaha kama hizo. Wananunua boksi lenye vipande vya plastiki, wanakata, wanasugua kwa msasa, wanagundisha, wanapaka rangi, na baada ya miezi kadhaa kifaru kizima kimesimama mezani. Wengi wao sasa wanataka vifaru vikubwa zaidi, na kila mwaka wanawaandikia watengenezaji orodha za maombi yao. Nimezifuatilia orodha hizo kwa muda mrefu. Vifaru vya Ujerumani vimejaa. Vya vita vyetu sisi ni nadra mno kutajwa, na jambo hilo linaniuma.

Je, wajua kwamba skeli maarufu kuliko zote katika modeli za vifaru, yaani 1:35, ilitokana na betri? Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilianza na kiwanda cha mbao mwaka 1946. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitengeneza modeli ya kifaru cha Kijerumani aina ya Panther chenye mota ndogo ya kukiendesha. Ukubwa wa mwili wake ulipangwa ili mota na betri zienee ndani. Walipokuja kupima wakakuta modeli hiyo ni takriban 1:35 ya kifaru halisi, na kwa kuwa iliuzwa vizuri sana, namba hiyo ikawa desturi ya dunia nzima. Miaka ya 1970 Tamiya hiyohiyo ikatoa vifaru vya 1:16 vinavyoendeshwa kwa rimoti, na hapo ndipo hamu ya modeli kubwa ilipoanza kukua.

Tofauti ya 1:35 na 1:16 ni kubwa kuliko inavyosikika, na hesabu yake inafaa kufundishwa darasani. Chukua kifaru Type 59 cha China, ambacho Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) limekitumia. Kina uzito wa tani 36, na urefu wake, ukihesabu na mzinga, ni kama mita 9. Kwa skeli ya 1:35 kinakuwa na urefu wa sentimita 26 hivi. Kwa 1:16 kinafika sentimita 56. Kwa 1:6, skeli ya wale waliozama kabisa katika starehe hii, kinafika mita moja na nusu. Sasa angalia uzito. Urefu unaugawa kwa namba ya skeli mara moja, lakini uzito unaugawa kwa namba hiyo mara tatu mfululizo, kwa sababu kitu kinapungua urefu, upana na kimo kwa pamoja. Kama modeli ingetengenezwa kwa chuma kilekile na unene wake ukapunguzwa kwa kiwango kilekile, ya 1:35 ingekuwa na gramu 840, ya 1:16 ingekaribia kilo 9, na ya 1:6 ingefika kilo 167, zaidi ya gunia moja na nusu la mahindi ya Ufipa. Kampuni ya Uingereza inayoitwa Armortek inauza vifaru vya chuma vya skeli hiyo ya 1:6. Mwenye nacho hakibebi peke yake, anahitaji wenzake.

Wanachoomba wapenzi wa modeli kubwa, kwanza kabisa, ni vyumba vya ndani. Katika 1:35 kiti cha dereva ni kitu cha ncha ya kidole, na ukishafunga kichwa cha kifaru hakuna atakayekiona tena. Katika 1:16 unaweza kuweka injini, rafu za makombora, redio, kitasa cha mlango, hata mshono wa kiti. Pili wanataka minyororo inayozunguka kweli, kipande kimoja kimoja kikiunganishwa kwa pini yake. Vifaru vya ukoo wa T-54, ambao Type 59 ni mmojawao, vina vipande takriban 90 kila upande, kwa hiyo kuna jioni nyingi za kuunganisha kitu kilekile. Wapo wanaolalamika. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu tamu ya kazi.

Ombi la tatu ndilo gumu: vifaru ambavyo havijawahi kutengenezwa katika ukubwa huo. Plastiki huyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, na kalibu kubwa ni ghali sana kuichonga. Kampuni haiwezi kuingia gharama hiyo kabla ya kuwa na hakika ya wanunuzi, kwa hiyo hurudi kwenye majina yanayojulikana. Kifaru cha Kijerumani Tiger I kilitengenezwa 1,347 tu katika Vita Kuu ya Pili, lakini modeli zake zimetoka katika kila skeli unayoweza kuitaja. Ukoo wa T-54 na T-55, pamoja na nakala zake za nchi nyingine, ndio uliotengenezwa kwa wingi kuliko ukoo wowote wa vifaru katika historia, makumi ya maelfu, na umepigana Afrika, Asia na Mashariki ya Kati. Mpaka leo haujapata robo ya heshima iliyopewa Tiger. Huo ni upungufu wa haki kwa historia ya watu wengi.

Na hapa Afrika Mashariki kisa cha ukoo huo kipo. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutapigana. Waganda walilipua daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera, na JWTZ ikalazimika kujenga njia nyingine ya kuvusha watu na silaha. Ilipoingia Uganda ilikuwa na vifaru Type 59 na vile vyepesi vya Type 62, vyenye tani 21 na mzinga wa milimita 85. Upande wa pili Amin alikuwa na vifaru vya Kirusi pamoja na Sherman za zamani alizopata jeshi lake kutoka Israel. Libya ikamletea askari na T-55 zake, na tarehe 10 na 11 Machi 1979 pande hizo zikakutana Lukaya, kwenye barabara inayopita katikati ya vinamasi. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Roketi za Tanzania zilivuma kiasi kwamba raia wa Uganda walizipa jina la Saba Saba.

Muunda modeli anayeijua kazi yake ataona kitu cha pekee katika vita hivyo. Type 59 ni nakala ya Kichina ya T-54A ya Kirusi. Kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa na vifaru vya ukoo mmoja: magurudumu matano kila upande, pengo kubwa kati ya gurudumu la kwanza na la pili, kichwa cha mviringo kama bakuli lililofunikwa, mzinga wa milimita 100. Kuvitofautisha kunahitaji jicho makini la kuangalia taa, rangi na alama. Modeli ya 1:16 ya kifaru cha Tanzania kilichotapakaa tope, kikisubiri kuvuka Kyaka, ingekuwa somo la historia ambalo hata mtoto wa darasa la nne angelielewa kwa kuizunguka meza.

Je, wajua kwamba Ziwa Tanganyika lilipokea boksi la vipande vya kuunganisha kubwa kuliko yote tuliyokwisha kuyataja? Skeli yake ilikuwa 1:1. Meli Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 71, iliundwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg mwaka 1913, ikabomolewa kipande kwa kipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000. Ilipita baharini mpaka Dar es Salaam, kisha reli ya kati mpaka Kigoma, na huko ikaunganishwa upya kwa ribiti na kushushwa majini Februari 1915. Ilifungwa mzinga wa milimita 105 kutoka meli ya kivita Königsberg iliyoangamia Rufiji. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi, baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito ili zisiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Watu wa Kasanga na Kipili wameipanda vizazi kwa vizazi. Ukiitaka kwa skeli ya 1:100 itakutosha mezani, sentimita 71. Ukiitaka kwa 1:16, ili ilingane na vifaru vyako, andaa chumba cha zaidi ya mita nne na nusu.

Boti za Spicer-Simson nazo, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi, zilisafirishwa kutoka Uingereza mpaka Cape Town, zikapanda reli mpaka Katanga, kisha zikavutwa milimani kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe mwaka 1915. Tarehe 26 Desemba mwaka huo ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani. Kifaru chenyewe kilikuwa bado hakijaingia vitani popote. Cha kwanza kilipigana tarehe 15 Septemba 1916 kule Somme, Ufaransa, miezi mitatu baada ya mizinga ya mbao ya Kasanga.

Kuhusu kuunganisha vipande, nyanda hizi zina rekodi ambayo hakuna kiwanda kitakachoivunja. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool kuhusu magogo mawili yaliyofukuliwa karibu na maporomoko ya Kalambo, upande wa Zambia. Gogo la juu lilichongwa pengo ili likae sawasawa juu ya lingine. Umri wake ni angalau miaka 476,000, na ndiyo kazi ya mbao zilizounganishwa ya zamani kuliko zote zinazojulikana. Mto Kalambo wenyewe unateremka kutoka Ufipa.

Orodha yangu ya maombi, basi, haina Tiger. Naomba Type 59 ya 1:16, yenye vyumba vya ndani na alama za JWTZ. Naomba boma la Kasanga pamoja na mizinga yake ya mbao. Naomba ilungu, tanuri refu la kuyeyushia chuma la Wafipa, lenye kimo cha kama mita tatu, lililofanya kazi bila mivukuto: hewa iliingia yenyewe kwenye matundu ya chini, ikivutwa na joto linalopanda. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hilo ndilo lililovukutwa. Modeli ya ilungu iliyokatwa ubavu, moto na mawe yakionekana ndani, inastahili kukaa katika kila shule ya sekondari ya Rukwa.

Hatuna sababu ya kungoja kalibu kutoka Japani au China. Watoto wa vijijini wanasuka magari ya waya, wanachonga mabua, na ndala zilizochakaa wanazikata magurudumu. Wengine wanafinyanga ng'ombe na malori kwa udongo. Mikono hiyo ipo. Fundi wa mbao wa Sumbawanga akipewa mchoro wenye vipimo sahihi ataweza kuchonga kifaru cha 1:16, na printa za 3D zinaweza kutoa vile vipande vidogo vinavyoishinda patasi.

Kinachokosekana ni vipimo na kumbukumbu. Picha za vifaru vya Kagera ni chache, na nyingi hazina rangi. Kifaru kilipakwa kijani gani? Namba ziliandikwa wapi kwenye kichwa? Wanajeshi walifunga wapi madumu ya maji na mablanketi yao? Mwanajeshi aliyekuwa na miaka 20 alipoingia Kampala sasa amevuka 65. Kama babu au mjomba wako alikaa ndani ya kifaru mwaka 1979, mwendee na daftari, mwombe akuchoree alichokiona, uandike jina la kila kitu kama yeye anavyolitaja, na umwulize kama ana picha.