Reli Ikiota Kutu

Ukitaka kujua treni imepita lini, usimuulize mtu. Inama uitazame reli yenyewe, sehemu ya juu inayokanyagwa na magurudumu. Ikiwa treni imepita leo, utaona ukanda mweupe umekimbia katikati ya chuma, unang'aa kama makali ya panga lililotoka kunolewa. Usiku mmoja wa umande unatosha kuufifisha. Kesho yake weupe ule huingia ukungu, keshokutwa unaanza unjano, na kabla wiki haijakatika chuma chote kimeshakuwa hudhurungi. Huku Tanga, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima na upepo wa bahari huingia ndani hadi mashambani, kutu haina subira.

Elimu hii niliipata kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya gengi, yaani kikosi cha kukagua na kutengeneza njia ya reli. Anaishi kati ya Muheza na Korogwe, hatua chache kutoka kwenye tuta, na jina lake ameomba nisiliandike. Nilikwenda kumuuliza habari za vivuko. Baada ya shikamoo na marahaba alinishika mkono, tukateremka hadi kwenye njia, akaniambia niisome reli. Sikujua kwamba inasomwa. Tangu siku hiyo jambo hili limekataa kunitoka kichwani.

"Rangi ya kwanza ni ya jana," aliniambia. "Ya pili ni ya juzi. Ikifika hiyo ya tatu, mwanangu, hata mimi sikuambii siku, nakuambia tu kuna jambo huko mbele. Tuta limekatika au kichwa cha treni kimeharibika."

Kisha akanionyesha vitu vidogo zaidi. Kwenye kona, reli ya nje huliwa ubavuni pia, kwa kuwa ukingo wa gurudumu huisugua pale treni inapopinda, na ubavu huo huchelewa kushika kutu kuliko sehemu nyingine. Penye maungio, ncha mbili za reli zinapokutana, pana doa jeusi la grisi na vumbi la chuma. Karibu na stesheni, madereva wanakopunguza mwendo, ukanda mweupe una mikwaruzo ya magurudumu yaliyobanwa na breki. Na kiberenge, kile kigari chepesi cha wakaguzi, hakina uzito wa kuisafisha reli sawasawa. Kikipita juu ya kutu huacha mistari hafifu ambayo mgeni haioni kabisa. Gurudumu la treni na reli hugusana mahali padogo sana, karibu sentimita moja tu ya mraba, na tani kadhaa hupita juu ya sehemu hiyo. Ndiyo maana magurudumu ya treni yenye mzigo hung'oa kutu.

Elimu hii haikuwa ya watu wa gengi peke yao. Watoto wa kando ya reli waliijua. Mama anayeanika muhogo juu ya tuta aliijua. Reli yenye kutu haina treni: ndivyo walivyoambiana, na kwa miaka mingi ilikuwa kweli.

Historia yenyewe wasomaji wengi wanaijua. Wajerumani walianza kuijenga njia hii kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mruazi kikaiunganisha na Reli ya Kati, na msafiri wa Dar es Salaam akaweza kulala ndani ya behewa na kuamka Kilimanjaro. Katika miaka ya 1990 treni ya abiria ikatoweka, na baadaye ya mizigo nayo ikaacha kupita. Abiria wa Dar na Moshi hawakuiona tena hadi Desemba 2019, baada ya miaka 25. Oktoba 2020 ikafika Arusha.

Miaka 25 ni umri wa mtu mwenye watoto wawili. Mtu huyo alizaliwa, akasoma, akaoa, na treni za mizigo zilipokoma nazo, reli kwake ilikuwa njia ya miguu iliyonyooka kuliko zote, isiyo na matope wakati wa masika. Juu ya tuta palikuwa pakavu, kwa hiyo muhogo na mahindi vilianikwa pale. Magunia ya machungwa ya Muheza yalipakiwa kwenye baiskeli, na baiskeli zikasukumwa kando ya mataruma kwa kuwa huko hakuna kilima kikali. Aliyepima njia hii zamani alihakikisha hivyo kwa ajili ya vichwa vya mvuke. Mbuzi walifungwa kwenye chuma. Jioni vijana walikaa juu ya reli wakipiga soga, chuma bado kina joto la mchana. Nani angewalaumu? Kitu kilichoachwa mlangoni kwako miaka mingi huwa chako.

Mzee hapendi kuwaita watu hawa wakaidi. Anakunja uso neno hilo likitajwa, nami naungana naye. Kwenye mabango na redioni mara nyingi utasikia kwamba wananchi hawazingatii alama, hawana elimu, wanadharau treni. Wa huku walikuwa na elimu, tena ya kukagua kwa macho, iliyowalinda vizuri. Kosa la elimu hiyo ni moja tu, na linatisha: kutu husema kuhusu treni iliyopita. Kuhusu treni inayokuja haisemi chochote.

Treni ya kwanza iliporudi ilipita juu ya kutu. Haikuwa ya abiria, ile yenye mapambo na viongozi madirishani. Kabla yake zilitangulia treni za kazi, zilizobeba kokoto, reli na mataruma, zikienda na kurudi kulingana na kazi ya siku hiyo, bila ratiba ambayo mwanakijiji angeweza kuishika kichwani. Mzee anakumbuka asubuhi moja mwanamke alipoukimbia mkeka wake wa muhogo, na kichwa kikapita juu ya mkeka huo. "Alikuwa ameitazama reli kabla ya kutandika," akasema. "Mimi nilimwona akiitazama. Kwa anavyojua yeye, alikuwa salama."

Nilimuuliza kwa nini mwanamke huyo hakuisikia treni. Akanisimamisha katikati ya njia, akanigeuza nitazame uelekeo wa Korogwe, akaniambia nisubiri. Treni haikuja siku hiyo, lakini alinieleza ninachopaswa kungoja. Kishindo tunachokijua, kile cha vyombo kutikisika kabatini, ni cha mtu aliye ubavuni, treni ikiwa inapita. Aliye mbele yake hupata sauti kidogo mno, hasa upepo ukitoka mgongoni mwake na kona ikiwa imefunikwa na mkonge au michungwa. Nayo macho hudanganya. Mwaka 1985 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Herschel Leibowitz, alieleza kwamba kitu kikubwa sana huonekana kwenda polepole kuliko mwendo wake halisi; mtu huiona treni, akaipima, akaamini ana muda. Mzee hajawahi kulisikia jina hilo. Yeye alisema: "Ikiwa mbali utadhani imesimama. Ukigundua kwamba haijasimama, imeshafika."

Na ikishafika haina pa kukwepea. Gurudumu gumu la chuma juu ya reli ngumu huviringika kwa wepesi, na ndiyo sababu kichwa kimoja huweza kuvuta mabehewa mengi kwa mafuta kidogo. Lakini chuma juu ya chuma pia huteleza, kwa hiyo breki za treni ya mizigo iliyoshiba huhitaji mamia ya mita, mara nyingine kilomita nzima. Dereva huona mtu, hupiga honi, hufunga breki, halafu hukaa akitazama. Mzee amefanya kazi na madereva walioomba kuhamishwa njia baada ya jambo la namna hiyo. Hakutaka kusimulia zaidi, nami sikumbana.

Alichotaka nikiandike ni upana. Reli hizi mbili zimeachana mita moja. Watu huona nafasi hiyo, hutoka nje yake hatua moja, hugeuka kutazama treni ikipita, na hujiona wamekaa pembeni. Lakini behewa ni pana kuliko reli. Hutokeza kila upande karibu hatua nzima ya mtu mzima, na ngazi za milango hushuka chini. Alikwenda kukata kijiti, akakilaza kutoka kwenye reli kwenda nje kunionyesha mwisho wa behewa ulipo. Kijiti kilipita miguu yangu. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo ningesimama siku yoyote nikisubiri treni ipite.

Kazi yake enzi zake ilikuwa ya kutembea. Asubuhi mkaguzi alitoka na nyundo, spana na bendera mbili, akaenda taruma hadi taruma akigonga na kusikiliza. Bolti iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti mbovu. Mchana wa jua kali alitazama maungio, maana reli ya mita 12 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka karibu milimita tatu, na nafasi ikikosekana reli hujipinda. Akikuta njia imeharibika, alikimbia kuelekea treni inakotoka, akafunga fataki juu ya reli, akasonga mbele na bendera nyekundu. Gurudumu likikanyaga fataki, mlipuko humwambia dereva asimame hata kama hajaiona bendera. Pia alipambana na wezi. Chuma chakavu kina bei, na kifungo kimoja cha reli kikiuzwa kwa kilo ni hela ya unga. Njia ilipolala, nani alikuwa akihesabu vifungo?

Mtu aliyetembea namna ile kila siku alikuwa na kazi ya pili ambayo haikuandikwa kwenye mkataba: alikuwa taarifa. Alipopita, aliwaambia watu: leo kuna ya mizigo mchana, kesho hakuna kitu, muhogo usianikwe upande huu. Alijua watoto wa nani wanavukia wapi kwenda shule. Siku hizi wakaguzi wachache wanahudumia urefu mkubwa zaidi, na kwa kiberenge. Ni jambo jema kwa reli, huenda. Sioni bado kilichochukua nafasi ya yule mtembeaji katika masikio ya kijiji.

Sheria inasema hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande mijini na 30 vijijini, na ndani yake hairuhusiwi kujenga wala kulima. Nyumba ya mzee iko nje ya mpaka huo. Za majirani zake, anasema, nyingine haziko nje. Uzio kwa njia yote ya kutoka Tanga hadi Arusha ni gharama ambayo sijasikia yeyote akiitaja. Vivuko vingi vya miguu havina kibao wala mlinzi, kwa kuwa kwenye ramani si vivuko. Vilizaliwa wakati reli imelala. Je, njia ambayo watoto wameitumia miaka mingi inafutwa kwa tangazo? Au inatambuliwa, ikatengenezewa ngazi, ikakatiwa majani ili kona ionekane?

Kisha kuna masika. Mvua ikichimba tuta, treni husimama siku kadhaa, mara nyingine wiki. Reli hupata kutu tena. Watu huiona, na lile walilolijua tangu utotoni huonekana kuwa kweli tena, mikeka hurudi. Mafundi wakimaliza kujaza kifusi, treni ya kwanza hupita juu ya kutu kama ile ya 2019.

Nilimuuliza mzee ni nani huwaambia watu kwamba njia imefunguliwa. Alifikiri kwa muda. Mwaka 2019, akasema, ilitangazwa msikitini na kanisani, mtendaji wa kijiji aliitisha mkutano, shule ziliambiwa, na siku ya uzinduzi kulikuwa na ngoma na mgeni rasmi.

"Ila hii ya baada ya mvua, mwanangu," akasema, "haina mgeni rasmi. Uwaulize huko ofisini: nani anapita kuwaambia?"