Una lenzi za enzi za filamu? Soma hii kabla hujanunua kamera ya dijitali

Kama umezoea kupiga picha za wanyama kwa filamu, dukani watakutajia megapikseli kwanza. Wasikilize, kisha uliza ukubwa wa kihisi, maana hicho ndicho kimechukua nafasi ya filamu yako.

Fremu ya filamu ya kawaida ina milimita 36 kwa 24. Kamera za bei, zile za "fremu kamili", zina kihisi cha ukubwa huohuo. Nyingi za bei nafuu zina kidogo, kama milimita 24 kwa 16. Sasa, lenzi haijui imefungwa wapi. Inatupa taswira ileile ya tembo, ila kihisi kidogo kinanasa sehemu ya katikati tu. Gawanya 36 kwa 24, unapata 1.5. Ndiyo maana lenzi yako ya milimita 300 itaonyesha kama ya 450. Tembo hajasogea hata hatua moja. Kingo ndizo zimekatwa.

Utasema: si nitakata mwenyewe kwenye kompyuta? Sawa, lakini piga hesabu. Pikseli milioni 24 za fremu kamili zikikatwa hadi ukubwa ule mdogo, zinabaki kama milioni 10.7, kwa sababu eneo limepungua mara 2.25. Kwa ndege wa mbali, kihisi kidogo chenye pikseli milioni 24 kinakupa manyoya zaidi. Fremu kamili inalipa jioni, chui anapoamka na mwanga unakwisha, tena kama una lenzi ndefu ya kuijaza. Kwa hela ya mwanafunzi, mimi ningechukua kihisi kidogo, salio liende kwenye lenzi.

Na lenzi za mzee je? Za Canon EF, zilizoanza 1987, zinaingia kwenye EOS za dijitali zenye kioo cha ndani. Za FD haziingii. Za Nikon F zipo tangu 1959, ila kuna mtego: kamera kama D3500 haina mota ya kuendesha fokasi ya lenzi za AF-D. Utazungusha kwa mkono huku swala anakimbia!

Halafu kuna tabia ya kuacha. Negativu husamehe mwanga ukizidi kidogo, kihisi hakisamehe. Kila pikseli ni kama ndoo: ikishajaa, cha ziada kinamwagika, na yangeyange juani anageuka karatasi tupu. Punguza mwanga kidogo, hifadhi faili ghafi (RAW), vivuli utavipandisha nyumbani. Grafu ya mwanga kwenye skrini ikigonga ukuta wa kulia, punguza tena.