PREMIO HAIFI AU PREMIO NI MZIGO? SOMA KADI KABLA HUJATOA HELA

Leo tuweke mizani pembeni kidogo, tuongee gari.

Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Buigiri, anauza karanga na mafuta ya alizeti, alinitumia ujumbe: "Kaka, kikoba chetu tumevunja, na hela ya mazao ninayo. Nimeonyeshwa Premio mbili Dodoma mjini. Zinafanana, rangi tu ndiyo tofauti. Moja bei iko chini kwa milioni mbili. Nimeuliza kijiweni, mmoja ananiambia Premio haifi, mwingine ananiambia nikimbie. Nimsikilize nani?"

Ubishi huu kila mtu ameusikia. Mzee mmoja anaapa gari yake ina miaka kumi na hajawahi kufungua injini. Jirani yake anaapa ameuza mbuzi wote kwa ajili ya gari ya jina hilo hilo. Mwisho wanaitana waongo.

Mimi nakwambia hivi: wote wawili wanasema kweli. Shida ni kwamba kila mmoja anaongelea gari yake, na gari hizo zimefanana jina tu.

JINA MOJA, INJINI TATU

Premio ya mwaka 2001 hadi 2007, ambayo ndiyo nyingi mtaani, ilitoka na injini tatu. Allion nayo ni hivyo hivyo, ni pacha wake. Ukitaka kujua ipi ni ipi usimuulize dalali. Chukua kadi ya gari, angalia mwanzo wa namba ya chasisi.

NZT240: hii ni cc 1500, injini ya 1NZ-FE. Ni injini ile ile ya IST za cc 1500. Taimingi yake ni ya cheni, siyo mkanda. Spea zipo kila kona na fundi wa kawaida anaijua. Mzee wa "haifi" mara nyingi utakuta anaendesha hii.

ZZT240: cc 1800, injini ya 1ZZ-FE. Ina nguvu zaidi, ila zile za mwanzo mwanzo zilijulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Siyo kila moja, lakini lazima uichunguze. Ikitoa moshi wa bluu nyuma, rudisha funguo.

AZT240: cc 2000, injini ya 1AZ-FSE. Hii ndiyo mafundi wanaiita D4. Kwenye injini ya kawaida petroli inapuliziwa kwenye njia ya hewa, inaosha valvu ikiwa inapita. D4 inapulizia moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Wajapani walitaka ibane mafuta, na ikiwa nzima inabana kweli. Ila valvu hazioshwi, masizi yanaganda, na ile pampu ya presha pamoja na nozeli zake zinataka petroli safi. Sasa wewe unaishia petroli ya kwenye chupa barabarani, fundi wako hana mashine ya kupima, hapo ndipo mbuzi wanapoanza kuisha.

GIA BOKSI NAYO USIISAHAU

Premio iliyofuata, iliyoanza 2007, chasisi yake inasoma NZT260 au ZRT260. Ni gari nzuri, ila gia boksi yake ni ya CVT. Hii inatumia oili yake maalum. Fundi akikuwekea oili ya gia ya kawaida kwa kuwa ni bei rahisi, umeiua mwenyewe. Muulize anayeuza: mara ya mwisho oili ya gia ilibadilishwa lini, na iliwekwa ipi? Akibabaika, punguza bei au ondoka.

GARI YA FAMILIA SIYO KIRIKUU

Hapa wafanyabiashara wengi tunakosea. Kwa hesabu za Kijapani gari ya watu watano inahesabiwa kilo 55 kwa kila mtu, jumla kilo 275. Sasa wewe unapakia magunia matatu ya kilo mia mia, na wewe dereva una kilo 70. Hiyo ni 370. Halafu unapita nayo njia ya vumbi na makorongo. Shokapu, bushi na springi zikifa unasema gari mbovu. Gari haina kosa. Kama biashara yako ni magunia, kodi kirikuu siku ya mzigo mkubwa, gari ndogo ibaki ya madumu machache, kufuata wateja na kupeleka watoto shule.

MAJI YA KWETU

Hili nalisema kwa kujiaibisha. Gari yangu ya kwanza niliiua mimi, na wala haikuwa Premio. Rejeta ilikuwa inapungua maji, nami nikawa najazia maji ya kisima kila asubuhi. Maji yetu huku mnayajua, ukichemshia chai sufuria inabaki na ukoko mweupe. Ukoko huo huo uliziba rejeta. Siku natoka Kibaigwa na mzigo, jua la saa nane, mshale wa joto ukapanda, nikajisemea ngoja nifike. Nilifika nimevutwa. Gasketi imeungua, silinda hedi imepinda, mtaji wa miezi mitano umeenda.

Funzo: weka kulanti, siyo maji ya kisima. Maji yakipungua tafuta yanapovujia. Mshale ukipanda, simama hapo hapo, zima gari, na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Na kwa vumbi letu la kiangazi, ea klina ikaguliwe mara kwa mara.

MFUKO WA GARI

Tuchukulie kwenda mjini na kurudi ni kilometa 80, na unakwenda siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilometa 2,080. Ukibadilisha oili ya injini kila kilometa 5,000, maana yake ni kila baada ya miezi miwili na nusu hivi. Sasa tenga shilingi 100 kwa kila kilometa, mbali na petroli. Ni 8,000 kwa safari, 208,000 kwa mwezi. Weka kwenye laini yake peke yake, usiiguse. Kama biashara yako haiwezi kutoa hiyo 8,000, basi bado haijafikia kuwa na gari. Siyo aibu, panda daladala kwanza.

KABLA HUJALIPA

1. Nenda na fundi wako, siyo wa dalali.
2. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gari ikiwashwa ya baridi ndiyo inasema ukweli.
3. Chomoa stiki ya oili, fungua mfuniko wa oili. Ukikuta utando kama maziwa ya chai, huenda maji yameingia kwenye injini.
4. Jina kwenye kadi na kitambulisho cha muuzaji vifanane. Hakiki kadi TRA.
5. Angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari.
6. Andikeni mkataba wa mauziano, na ubadilishe umiliki mapema.

Yule mama alirudi mjini Jumamosi na miwani yake. Ile ya bei ya chini ilikuwa AZT240. Ile ya pili NZT240 kweli, ila fundi alikuta utando kwenye mfuniko wa oili. Ameziacha zote mbili. Dalali amenuna, kijiweni wanamcheka kwamba ameogopa. Hela yake iko salama, na karanga zake bado zinapanda daladala mpaka apate ya kueleweka.

Wewe unaendesha ipi? Angalia kadi yako, andika hapo chini herufi za chasisi, miaka uliyokaa nayo, na kitu kilichokusumbua zaidi. Yupo mwenzako anataka kutoa hela wiki hii.