Kusamehe Sio Kunyamaza: Vile Imani Inaweza Kuponya Kidonda cha Dhuluma

Bomet ni kaunti ya kanisa. Kuanzia Chebunyo, kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Chepalungu, hadi juu kwa majani chai ya Konoin, Jumapili asubuhi spika za kanisa zinasikika kila upande. So mtu akidhulumiwa, wa kwanza kuambiwa mara nyingi huwa ni pasta ama mama wa kanisa, sio karao. Na hapo ndio swali liko: akishasema, ataambiwa nini?

Wengi huambiwa neno moja tu: samehe. Muachie Mungu. Ni neno poa, lakini likija mapema sana linageuka kuwa kufuli ya mdomo.

Cheki stori ya Boito, hapo hapo Bomet. Mwaka wa 2008, Mmarekani anaitwa Gregory Dow alifungua makao ya watoto akijiita mmishonari. Watu walimwamini juu alikuja na Biblia. Kumbe huko Iowa alikuwa ameshakubali kosa la kingono mwaka wa 1996. Mwaka wa 2017, maovu yalipoanza kujulikana, alihepa Kenya. Lakini stori haikuzikwa. Wasichana walisema, watu wakawasikiza, na wapelelezi wa FBI wakafuatilia. Juni 2020 Dow alikubali mbele ya korti ya Pennsylvania kwamba aliwadhulumu wasichana wanne. Februari 2021 akapigwa kifungo cha miaka 15 na miezi 8.

Sasa fikiria msichana aliyedhulumiwa na mtu aliyekuwa anamwongoza kwa maombi. Huyo hajaumizwa mwili tu. Hata jina la Mungu limechafuliwa kwake. Ukimwambia tu "omba", unamrudisha mahali aliumizwa.

Pia elewa hii kitu inafanya aje kazi. Mwili unakumbuka hata kama mdomo umenyamaza. Mtu anashtuka akisikia mlango, hapati usingizi, anakasirika bila sababu, ama anajiona mchafu hata akioga mara ngapi. Miaka kumi baadaye, harufu fulani tu inamrudisha siku ile. Hiyo sio pepo, na sio ukosefu wa imani. Ni kidonda.

Na kidonda kinatibiwa. Pale Tenwek, hosi ya wamishonari iliyoanza 1937 hapo karibu na Bomet mjini, kauli yao ni kwamba wao wanatibu, lakini Yesu ndiye anaponya. Hakuna msee anafika hapo na mguu umevunjika akaambiwa aombe tu aende nyumbani. Anaombewa, na mguu unafungwa plasta. Mbona roho iliyovunjika ipewe maombi peke yake?

Biblia yenyewe haijaficha hii maneno. Soma 2 Samweli 13. Tamari, binti wa mfalme, alibakwa na ndugu yake Amnoni. Yeye hakunyamaza: alirarua nguo yake, akajimwagia majivu kichwani, akaenda akilia mbele ya watu. Ni Absalomu aliyemwambia anyamaze. Baba yao, Daudi, alikasirika sana lakini hakufanya kitu. Tamari akabaki kwa nyumba ya Absalomu akiwa ameharibikiwa na maisha, na miaka miwili baadaye Amnoni akauawa. Kimya hakikuokoa hiyo familia. Hii stori ndio wasomi wa Biblia wa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, walianza kuisoma na wanawake kwa vikundi, na baadaye FECCLAHA, muungano wa mabaraza ya makanisa ulio Nairobi, ukaileta huku kwetu kama Kampeni ya Tamari.

Kuna pia kitabu kilichapishwa na Paulines hapa Nairobi mwaka wa 2004, Healing the Wounds of Trauma, ambacho makanisa mengi ya Afrika yanatumia. Cheki mpangilio wake. Kwanza mtu anasikizwa: nini kilitokea, ulihisi aje, na gani ilikuwa ngumu zaidi? Hakuna kuhubiriwa. Halafu anaandika maombolezo yake, kama yale ya Zaburi, ambapo mtu anamlalamikia Mungu waziwazi bila kuogopa. Halafu anaupeleka uchungu wake msalabani. Kusamehe kunakuja baadaye. Hakuji kwanza, juu huwezi kusamehe kitu ambacho hujaruhusiwa hata kukitaja.

Na kusamehe sio kufuta kesi. Hapa ndio wazee na mapasta wengi huteleza. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi ama mashtaka ni wa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali. Sio wa familia, sio wa chifu, na sio wa pasta. Hakuna mbuzi wala ng'ombe wa kumaliza hiyo maneno chini ya mti. Ukimnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini, ni kifungo cha maisha.

Kama imetokea juzi, harakisha. Dawa za kuzuia Ukimwi zinafanya kazi ukizianza ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Usioge kwanza. Nguo zibebe kwa karatasi ya khaki, sio nailoni. Hosi ikujazie fomu ya PRC, polisi wakupe P3. Piga 1195 bila malipo, ama 116 kama ni mtoto. Kama ni ya kitambo, bado unaweza kuripoti na bado unaweza kuona mshauri.

Na wewe uliye kanisani, siku mtu atakuja kwako akitetemeka, usianze na mstari wa Biblia. Mwambie: nakuamini, na sio makosa yako. Kaa naye, umsindikize hosi, umsindikize kituoni, halafu muombe pamoja. Kwa wengi, hapo ndio uponyaji huanzia.