Kinjeketile: maji, pamba na "watoto wa Seyyid Said"

Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Mombasa aliniomba nimsaidie namna ya kuwafungulia wanafunzi wake Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein. Shida yake ni kuwa vijana husoma kurasa chache, wakishafika kwenye yale maji ya kugeuza risasi, huanza kucheka. Wajinga walidanganywa na mganga, wakapigwa bunduki, basi. Kisha kuna kijana mmoja aliyesimama akauliza kama si shirki kukaa darasani mnasoma habari za pepo na maji ya uganga. Nilimjibu mwalimu kwa kirefu, na kwa kuwa najua wazazi wengi wanaosoma safu hii wana watoto wenye maswali hayo hayo, nimeona nililete hapa barazani.

Kitabu chenyewe ni chembamba. Kilichapishwa na Oxford University Press, Nairobi, mwaka 1969, na mwandishi ni mwana wa pwani ya kusini ya Tanzania aliyekuwa bado kijana wa chuo kikuu, Dar es Salaam. Ni tanzia, yaani mchezo wa mtu mkubwa anayeangamia, si kwa kuwa ni mwovu, bali kwa kuwa kila njia iliyo mbele yake ina hasara. Na ni tanzia ya kisiasa, kwa sababu anayeangamia haangamii peke yake. Huwezi kuuelewa bila kujua kwanza yaliyotokea, na tena huwezi kuuelewa ukidhani ndiyo hayo hayo yaliyotokea. Hapo ndipo walimu wengi huteleza.

Tuanze na yaliyotokea. Wajerumani hawakupewa pwani ya Tanganyika kwa ukarimu. Abushiri bin Salim aliwapiga vita tangu 1888 mpaka wakamnyonga Pangani mwezi wa Disemba 1889. Mwaka uliofuata Sultani wa Unguja akalipwa marki milioni 4, na ukanda wa pwani ya bara ukawa wao moja kwa moja. Huku kwetu kaskazini Waingereza walichukua njia nyingine, wakamwachia Sultani jina na bendera, wao wakashika mambo yote, na ule ukanda wa maili kumi ukabaki hivyo mpaka 1963. Kijana wa Mombasa au Lamu ambaye babu yake amemsimulia habari za ile bendera nyekundu ana mlango wa kuingilia kitabu hiki, ila hakuna anayemwonyesha.

Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba, rupia 3. Mwaka 1902 serikali ya Gavana von Götzen ikaanzisha mashamba ya pamba ya pamoja. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba, na watu wa eneo lake walilazimishwa kulilima kwa zamu, hata msimu ambao mtu alitakiwa awe kwake akipanda mtama na kulinda nguruwe wasimalize mazao. Malipo yalikuwa haba kiasi kwamba kuna waliokataa kuyapokea. Asiyekwenda shambani alipigwa kiboko. Hamsa ishirini ilikuwa hesabu inayojulikana na kila mtu.

Sasa nani aliyekuwa akisimamia? Mjerumani mwenyewe alikuwa mmoja mmoja, tena mbali. Aliyeonekana kila siku alikuwa akida, na akida mara nyingi alikuwa mtu wa pwani, Mwarabu au Mswahili, anayejua kusoma na kuandika. Vyeo vyenyewe, akida, liwali, jumbe, vilikuwa vyetu kabla ya kuwa vyao. Amri ziliandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mkulima wa Kimatumbi alipodhulumiwa, dhuluma ilimjia kwa lugha hii ninayoandikia. Sisemi haya kwa kujitia aibu. Nayasema kwa sababu kitabu kinayajua, na anayekisoma bila kuyajua atapita juu ya sentensi nzito zaidi iliyomo ndani yake.

Mwaka 1904, katika kijiji cha Ngarambe karibu na mto Rufiji, mtu aitwaye Kinjeketile Ngwale alipandwa na pepo aliyeitwa Hongo. Masimulizi yanasema alitumbukia katika kilindi cha maji, jamaa zake wakamtafuta wakamkosa, na siku ya pili akatoka nguo zake zikiwa kavu. Akaanza kutoa dawa, maji yaliyotiwa mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Watu walimiminika kutoka mbali, makabila ambayo hayakuwa na mazoea ya kukaa mkeka mmoja. Mwanahistoria G. C. K. Gwassa aliwahoji wazee miaka ya 1960, na katika waliyoyakumbuka kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, Kinjeketile aliwaambia wasubiri. Waende wakalime pamba, wachimbe barabara, wabebe mizigo, mpaka yeye atakapotangaza vita. La pili, aliwaambia kuwa wote, awe Mpogoro, Mkichi au Mmatumbi, ni raia wa Seyyid Said.

Hawakusubiri. Mwezi wa Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba. Kung'oa miche ndiko kulikokuwa tangazo la vita. Tarehe 4 Agosti Kinjeketile akanyongwa Mohoro, vita vikiwa na siku chache tu. Inasimuliwa kuwa aliwaambia waliomnyonga kwamba dawa yake imeshafika Kilosa na Mahenge. Na kweli, tarehe 30 mwezi huo maelfu ya wapiganaji waliikabili ngome ya Mahenge, wakakutana na bombomu. Baadaye Wangoni nao waliingia. Wajerumani walipoona vita vya msituni havishiki, walichoma vijiji, maghala na mashamba, na njaa ikafanya kazi ambayo bunduki haikuimaliza. Mpaka mambo yanatulia mwaka 1907, hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Haya ndiyo yaliyotokea. Sasa mwanafunzi afungue kitabu na atafute mahali pa kwanza ambapo mwandishi ameivunja historia makusudi.

Kinjeketile wa kweli alikufa kabla ya kuona matokeo. Hakuona Mahenge wala njaa. Kinjeketile wa Hussein anabaki hai mpaka baada ya kushindwa. Anakaa gerezani na waliobaki, anatakiwa ajibu. Mwandishi mwenyewe ametahadharisha kuwa mtu wake ni wa kubuni, si picha ya yule aliyenyongwa Mohoro. Kwa nini alimwongezea maisha? Kwa maoni yangu, mchezo mzima umejengwa juu ya swali hilo. Historia ilimpa nabii aliyekufa akiwa na imani, mwandishi akataka nabii anayelazimika kulitazama lile alilolizaa.

Tazama anavyofika hapo. Mchezo hauanzi na vita wala pepo. Unaanza na wanawake wawili, Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile, wanazungumzia njaa. Waume wako kwenye shamba la Bwana Kinoo, chakula hakuna, kodi inadaiwa. Halafu tunamwona Mnyapara akimdhalilisha Chausiku, binti wa Kitunda, na baba mtu hana la kufanya. Mwalimu asiruke kurasa hizi kwa kutaka kufika haraka kwenye maji. Kijana anayecheka kwamba watu waliamini maji aulizwe kwanza: mtu aliyeshuhudia binti yake akichukuliwa, asiye na bunduki, asiyeelewana na jirani wa kabila jingine, angeshika nini?

Maji ndiyo yaliyowaunganisha. Kabla yake kila kabila lilipigwa peke yake. Kinjeketile anatoka mtoni na neno la umoja, na neno linafanya kazi. Kitunda anafanywa mkuu wa jeshi, watu wanafunzwa vita. Lakini katika ule mpagao, Kinjeketile alitamka pia kwamba Mjerumani akishaondoka watakuwa watoto wa Seyyid Said. Alipozinduka na kuelezwa aliyoyasema, alishtuka. Tumwage damu yetu kumtoa bwana mmoja ili tumpate mwingine? Tangu hapo anaanza kumshuku hata aliyempa maji. Anataka watu wangoje. Nao hawataki kungoja, kwa kuwa neno limeshamtoka, limekuwa kubwa kuliko yeye aliyelisema. Akisema maji ni ya kweli, atawapeleka watu wake kufa. Akisema ni ya uongo, umoja utavunjika siku hiyo hiyo na Mjerumani atabaki. Hapo ndipo tanzia ilipo, wala si kwenye risasi.

Nimewahi kumsikia mtu wetu mmoja, msomi kabisa, akilalamika kuwa mahali hapa panatusema vibaya sisi watu wa pwani. Mimi sioni hivyo. Kwanza Hussein hakulitoa jina la Seyyid hewani, wazee waliohojiwa walilikumbuka. Pili, Seyyid Said alikuwa amefariki tangu 1856, nusu karne nyuma. Jina lake lilikuwa limebaki kama alama ya wakati uliopita, kabla ya rupia 3 na pamba, na mtu aliyebanwa huukumbuka wakati uliopita kwa utamu wake. Lakini jina hilo lilikuwa na ladha mbili. Misafara ya watumwa iliyoshuka mpaka Kilwa Kivinje ilipita katika nchi hizo hizo za kusini, na waliofungwa minyororo walikuwa mababu wa hawa hawa waliokuja kunywa maji Ngarambe. Kinjeketile wa kitabu ana haki ya kushtuka. Mwanafunzi wa pwani akiambiwa ukweli huu mapema, hatachukia mwandishi wala hatajichukia. Akifichwa, atakutana nao siku moja kwa mtu mwenye nia mbaya.

Kuna na usuli wa pili, wa mwaka kitabu kilipoandikwa. Tanganyika ilikuwa huru tangu 1961, na Azimio la Arusha lilikuwa la mwaka 1967. Majimaji yalikwisha kuwa hadithi ya taifa: Nyerere mwenyewe aliyataja mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 alipoeleza kwamba watu walipigana kwa kuwa hawakukubali haki ya mgeni kuwatawala. Kijana wa chuo akaja katika shangwe hizo na swali la baridi: tukishaungana na bwana akaondoka, anayefuata ni nani, na tutamjuaje? Aliuliza bila kuvunjia heshima waliokufa. Si rahisi.

Sasa lile la shirki. Kijana alifanya vyema kuuliza, na asinyamazishwe. Ila aonyeshwe kuwa kitabu chenyewe kinauliza kabla yake. Hakimwambii msomaji ayaamini maji. Anayeyatilia shaka zaidi ni yule aliyeyaleta. Kusoma habari za Firauni na wachawi wake hakujamfanya mtu kuwa mchawi. Na wale wanaocheka, nawaomba wahesabu hirizi zilizofichwa juu ya milango ya nyumba zetu kabla hawajaanza.

Atakayetaka mfano wa karibu asiende mbali. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwafunga Wagiriama kwa viapo dhidi ya kodi na kazi za Waingereza, na Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Watu wale hawakuwa wajinga wa risasi. Kiapo, kama maji, ni njia ya kuhakikisha kwamba jirani yako hatakukimbia.

Kitabu kisomwe kwa sauti. Kiswahili chake ni cha watu wanaozungumza, na sehemu za umati zikisomwa kimya hupotea. Msomaji mzuri hukimaliza kwa jioni mbili. Mwezi wa Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea, mahali ambapo makumi ya viongozi wa Wangoni walinyongwa mwaka 1906, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa. Habari hiyo mwalimu aisome darasani, kisha afungue onyesho la mwisho.

Katika onyesho hilo Kitunda yuko gerezani, amepigwa, amepoteza watu. Anamsihi Kinjeketile aseme tu kwamba maji yalikuwa uongo, mateso yapungue. Kinjeketile anakataa. Hoja yake si kwamba maji yalikuwa kweli, bali kwamba wakitamka hivyo, mkoloni atawaambia watoto wao kuwa walikosea kupigana. Wasomaji wamegawanyika juu ya jibu hili tangu 1969. Mimi niko na Kitunda siku nyingi, na siku nyingine namhamia mwenzake.

Mwalimu amepanga wiki ijayo awagawe wanafunzi makundi mawili, hili limtetee Kitunda na lile Kinjeketile. Nimemwambia wakishamaliza wabadilishane upande, na asimpe mtu alama kabla ya hapo.